Kupenyeka: kitu kinapenyeka na nini?

Mtu akisema udongo huu unapenyeka, au kitambaa kile hakipenyeki, msikilizaji huitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Kumbe jambo la lazima halijatajwa: kinapenyeka na nini? Koti zuri la mvua huzuia tone la maji na papo hapo hupitisha mvuke wa jasho. Puto la mpira hushika maji bila shida, lakini likijazwa heliamu huwa limenywea kesho yake. Ganda la yai ni gumu kama jiwe jembamba, na bado kifaranga aliye ndani anavuta hewa kupitia humo kwa siku 21.

Basi neno hili halisimami peke yake. Linahitaji vitu vitatu vitajwe: kinachopenya, kinachopenyewa, na nguvu inayosukuma. Makosa mengi ya bustanini, kwenye ujenzi na kwenye vichujio vya maji huanzia pale mojawapo ya hivyo vitatu lilipoachwa bila kutajwa.

Shina la neno na majirani zake

Shina ni *penya*, yaani kupita mahali pembamba au penye kizuizi. Nuru inapenya kwenye ufa, maji yanapenya paani. *Penyeza* ni kukifanya kitu kipenye: ndiyo tunayoikuta katika methali "Penye udhia penyeza rupia", katika habari za bidhaa zinazopenyezwa mipakani, na kwa mtangazaji wa kandanda anaposifu pasi ya kupenyeza. *Penyeka* ni kauli ya kutendeka, sawa na *someka* au *lika*. Inasema kwamba kitu kina hali ya kuruhusu kupenywa. Anayesifiwa hapo ni kile kinachopitiwa, wala si kile kinachopita. Udongo unapenyeka, maji yanapenya. Ukisema "maji yanapenyeka" umesema habari nyingine kabisa, kwamba kuna kitu, labda nuru, kinachoweza kupita ndani ya maji.

Nomino zake nazo zina kazi. *Upenyo* ni nafasi nyembamba ya kupitia. *Kipenyo* tumekizoea kwenye hesabu: mstari unaoikata duara kwa kupita katikati yake. Wanafizikia wana matumizi yao pia, kwani huzungumzia namna nyenzo inavyoruhusu uga wa sumaku kujengeka ndani yake, na chuma laini huuruhusu mara elfu kadhaa kuliko hewa. Hapo hakuna vitundu wala maji. Ni neno lililoazimwa kwa sababu ya kufanana, na anayelisoma asiende kutafuta matundu kwenye chuma.

Majirani wawili hulichanganya zaidi. *Kuvuja* ni kasoro ya mahali pamoja: mtungi wenye ufa unavuja. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi ya kioo hauna ufa wowote, ila jasho la maji hutokea ukutani kote na kukauka, na kwa kukauka huko maji ya ndani hupoa. Huo ndio unaopenyeka. *Kufyonza* ni kuingiza na kubaki nacho. Tofali kavu likizamishwa hufyonza maji mengi, lakini mengi hayo hukaa ndani na ng'ambo ya pili hutoka kidogo mno. Kufyonza hupimwa kwa uzito ulioongezeka. Kupenyeka hupimwa kwa kiasi kilichovuka katika muda fulani.

Vitundu vingi havitoshi

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kudhani kwamba kitu chenye nafasi nyingi ndani ndicho kinachopitisha zaidi. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa na uwazi wa asilimia 40 hadi 70 ya ujazo wake. Changarawe ina asilimia 25 hadi 40 tu. Hata hivyo changarawe hupitisha maji mara mamilioni zaidi ya mfinyanzi.

Sababu iko kwenye ukubwa wa kila njia. Maji yanapopita katika mrija mwembamba, yale yanayogusa ukuta hayaendi, na yanayofuata hucheleweshwa nayo. Mrija ukiwa mwembamba, karibu maji yote yako jirani na ukuta. Ndiyo maana kiasi kinachopita kwenye mrija mmoja hupanda kwa nusu kipenyo kikizidishwa mara nne chenyewe: mrija ukipungua upana kwa nusu, unapitisha sehemu moja ya 16. Kwenye mchanga hesabu hiyo hujitokeza kwa namna nyepesi zaidi, kwamba chembe zikiongezeka ukubwa maradufu, upitishaji huongezeka karibu mara nne. Allen Hazen, mhandisi Mmarekani aliyechunguza mchanga wa vichujio miaka ya 1890, alionyesha kuwa zinazoamua ni zile chembe ndogo, asilimia 10 ya uzito wa mchanga iliyo laini kuliko nyingine. Hao wadogo huketi katikati ya wakubwa na kuziba njia. Gunia la mchanga safi likiingiwa na vumbi kidogo tu la udongo halitakuwa tena mchanga uleule, hata kama kwa macho halijabadilika.

Sharti jingine ni kwamba vitundu viungane. Jiwe la pumisi lina uwazi mkubwa kiasi cha kuelea, lakini baadhi ya viputo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Hivyo ni kama vyumba visivyo na milango.

Hesabu ya Darcy, na tabaka linaloamua

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyekuwa ameujengea mji wa Dijon mfumo wa maji, alichapisha majaribio ya kupitisha maji kwenye nguzo za mchanga. Alichogundua kinaandikika kwa sentensi moja. Maji yanayopita kwa sekunde ni sawa na uwezo wa nyenzo wa kupitisha, mara eneo, mara tofauti ya kimo cha maji pande mbili, gawanya kwa unene wa tabaka. Eneo likiongezeka maji huongezeka. Tabaka likinenepa maji hupungua.

Tuchukue kichujio chenye eneo la mita 0.1 ya mraba, mchanga wa unene wa sentimita 50, na tofauti ya kimo cha maji ya sentimita 60. Mchanga huo uwe na uwezo wa mita 0.0001 kwa sekunde. Hesabu inatoa lita 0.012 kwa sekunde, yaani karibu lita 43 kwa saa.

Sasa juu ya mchanga huo patuame tope la sentimita 1, lenye uwezo mdogo mara 1,000. Mtu angetarajia kupungua kidogo, kwa kuwa ni sentimita 1 kati ya 50. Mtiririko hushuka hadi lita 2 hivi kwa saa. Tope hilo jembamba lina upinzani mara 20 ya mchanga wote uliobaki. Huu ndio ufunguo wa mambo mengi yatakayofuata: vitu vikipangwa tabaka juu ya tabaka, upitishaji wa vyote huamuliwa na kile kinachopitisha kidogo kuliko vyote. Ndiyo sababu kichujio cha mchanga kinachopitisha maji polepole hurekebishwa kwa kukwangua sentimita 1 au 2 za juu. Anayeufumua mchanga wote anajichosha bure, na mara nyingi analishusha tope chini asikoweza kulifikia tena.

Joto nalo lina sehemu yake. Maji ya nyuzi 30 ni mepesi kutiririka kuliko ya nyuzi 10, kwa hiyo udongo uleule huyapitisha karibu mara 1.6 zaidi. Anayelinganisha vipimo vya msimu wa baridi na vya msimu wa joto aandike joto la maji.

Kupima udongo kwa shimo

Kipimo cha bustanini hakihitaji maabara. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa kati ya 15 na 30. Kwangua kuta zake kwa ncha ya kisu au uma, kwa sababu sepetu hulainisha udongo mbichi na kuacha ngozi isiyopitisha maji. Lijaze maji, liache usiku kucha. Kesho yake lijaze tena, simamisha rula, kisha soma kina kila baada ya saa moja kwa saa tatu au nne.

Maji yakishuka sentimita 2.5 hadi 7.5 kwa saa, mimea mingi itafurahi. Chini ya 2.5, mizizi itakaa majini na kukosa oksijeni. Zaidi ya 10, maji yatakimbia kabla mizizi haijanywa. Usiku ule wa kulowesha usirukwe. Udongo mkavu huvuta maji kama sponji, na jibu la saa ya kwanza linaweza kukudanganya kwamba udongo wa mfinyanzi ni mchanga. Chimba angalau mashimo matatu, kwani kiwanja kimoja kinaweza kuwa na pande zisizofanana hata kidogo.

Wapimaji wa umwagiliaji hutumia pete mbili za chuma, ya ndani yenye kipenyo cha sentimita 30 hivi na ya nje 60, zote zikijazwa maji. Pete ya nje ipo ili maji ya ndani yasitawanyike pembeni, yashuke chini tu. Kwa kipimo cha namna hiyo, baada ya udongo kulowa, mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, udongo tifutifu 10 hadi 20, na mfinyanzi 1 hadi 5. Namba hizi ni ndogo kuliko zile za shimo, na lazima ziwe ndogo, maana kwenye shimo maji hupenya chini na kutani pia. Usizilinganishe ana kwa ana.

Ushauri wa kuweka kokoto chini ya chungu cha maua ili maji yatoke upesi umesambaa sana, nao ni wa makosa. Udongo laini huyashika maji katika vitundu vyake vidogo kwa mvuto ambao nafasi kubwa za kokoto hazina. Maji hayaruki kutoka kwenye kitundu kidogo kwenda kwenye pango kubwa mpaka udongo wa juu uwe umeshiba kabisa. Matokeo yake, ile sehemu yenye unyevu wa kupita kiasi, ambayo ingekaa kitakoni mwa chungu, inapandishwa juu, karibu na mizizi. Kinachosaidia ni udongo wa aina moja tangu juu hadi chini, uliochanganywa na chembe kubwa kwa wingi, chungu kirefu zaidi, na kipande cha wavu juu ya tundu ili udongo usimwagike.

Zege linalopitisha mvua

Zege la kawaida hutengenezwa lisipenyeke, kwa sababu maji yenye chumvi yakiifikia nondo huiozesha. Lakini lipo zege linalotengenezwa makusudi lipitishe maji, kwa maegesho na njia za waendao kwa miguu, ili mvua iingie ardhini badala ya kukimbia juu. Siri yake ni kuondoa mchanga wote au karibu wote. Hubaki kokoto za ukubwa unaokaribiana, kwa kawaida milimita 10 hivi, zilizopakwa uji wa saruji unaozigandisha pale zinapogusana. Kati yake hubaki uwazi wa asilimia 15 hadi 25.

Kwa mita moja ya ujazo huenda kilo 270 hadi 415 za saruji na kilo 1,190 hadi 1,480 za kokoto. Maji ndiyo yanayoleta balaa. Uzito wake uwe kati ya 0.27 na 0.34 ya uzito wa saruji. Yakizidi, uji unateremka na kuganda chini kama sahani, na zege lenye matundu juu linakuwa limezibwa kitako. Jicho haliwezi kuliona hilo mpaka mvua ya kwanza. Yakipungua, kokoto hazishikani na uso huanza kubanduka kokoto moja moja. Fundi hujaribu kwa kiganja: anaminya konzi ya mchanganyiko, na ikiwa sawa hubaki donge linalong'aa unyevu, lisilodondosha uji wala kusambaratika.

Likishamwagwa, hubanwa kwa rola mara moja au mbili. Likipigwa pasi ya mwiko hadi lilainike, vitundu vya juu vimekufa. Lifunikwe kwa nailoni nzito ndani ya dakika 20, kwa sababu hewa inaingia pande zote za kila kokoto na kukausha uji huo kabla haujakomaa, na libaki limefunikwa siku 7. Zege la aina hii, likiwa safi, linaweza kupitisha lita 120 hadi 320 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, mvua ambayo haijawahi kunyesha popote. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya zege la kawaida, kwa hiyo si la barabara ya malori.

Tena, maji yakishapita yaende wapi? Zege la unene wa milimita 150 lenye uwazi wa asilimia 20 linahifadhi milimita 30 za mvua. Tabaka la kokoto chini yake la unene uleule, lenye uwazi wa asilimia 40, linaongeza 60. Ardhi ya chini ikiwa mfinyanzi unaokunywa milimita 2 kwa saa, hizo 90 zitachukua karibu siku mbili kuisha, na mvua ikirudi kabla hapo maji yatafurika juu. Hapo huwekwa bomba lenye matundu la kuyatoa. Adui wa kudumu ni vumbi na udongo. Bustani iliyo juu ya maegesho isiteremshie tope, lundo la mchanga lisimwagwe hapo hata kwa siku moja, na uso ufyonzwe kwa mashine mara moja au mbili kwa mwaka.

Utando unaochagua

Mpaka hapa kilichopenya ni maji na kilichoyasukuma ni kimo. Kwenye viumbe hai mambo hubadilika, kwani utando unapitisha huyu na kumkataa yule. Utando wa seli umeundwa kwa tabaka mbili za mafuta. Oksijeni na kabonidayoksaidi hupita humo bila kubisha hodi. Chembe za chumvi zenye chaji, ingawa ni ndogo mno, hukwama, na hupita tu kwenye milango maalumu ya protini. Maji nayo yana milango yake. Peter Agre alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kuigundua, pamoja na Roderick MacKinnon aliyefafanua milango ya chumvi.

Kinachosukuma hapa ni tofauti ya mkolezo. Loweka yai bichi kwenye siki kwa siku moja au mbili, ganda liyeyuke, ubaki na yai laini lililofungwa kwa utando. Liweke kwenye maji: linavimba. Lihamishie kwenye sharubati nzito ya sukari: linanywea. Maji huvuka kuelekea upande wenye sukari au protini nyingi, na vile vikubwa haviwezi kuvuka kuyafuata. Jean-Antoine Nollet aliona jambo hilo mwaka 1748 kwa kibofu cha mnyama kilichojazwa kileo na kuzamishwa majini.

Mashine ya kusafisha damu kwa wenye figo zilizoshindwa inategemea uchaguzi huohuo. Urea, iliyo taka, ina uzito wa molekuli wa 60 na hupita. Albumini, protini ambayo mwili unaihitaji, ina 66,000 hivi na hubaki. Majimaji ya upande wa pili hayana urea kabisa, ili mteremko uwe mkali, lakini yametiwa chumvi kwa kipimo ili mwili usipoteze zilizo za lazima. Kwenye kuondoa chumvi katika maji ya bahari kazi hugeuzwa. Chumvi ya maji ya bahari huyavuta maji kwa mvuto wa karibu mara 27 ya shinikizo la hewa, kwa hiyo pampu husukuma kwa mara 55 hadi 70 ili maji yavuke kinyume na matakwa yake. Pampu ikiwa dhaifu kuliko huo mvuto, hakuna tone litakalotoka, utando uwe mpya namna gani.

Udogo peke yake hauamui. Kwenye mpira asilia, kabonidayoksaidi hupenya zaidi ya naitrojeni kwa zaidi ya mara 10, na huipita hata heliamu iliyo ndogo kuliko zote mbili. Mpira hauna vitundu vya kuchungulia. Gesi huyeyuka kwanza kwenye uso wake, ikasafiri ndani, ikatoka upande wa pili. Inayoyeyuka vizuri zaidi ndiyo inayopita zaidi.

Yai la kuangulia lina njia za wazi, maelfu ya vitundu kwenye ganda, na kwa mfugaji kupenyeka kwake kunapimwa kwa mizani. Kufikia siku ya 18 yai linatakiwa liwe limepoteza karibu asilimia 12 ya uzito kwa mvuke, hivyo lenye gramu 60 libaki na 53 hivi. Likipungua kidogo mno, unyevu wa mashine umezidi, chumba cha hewa ni kidogo na kifaranga huzama kwenye majimaji. Likipungua kupita kiasi, utando hukauka na kumgandia. Mayai yasisuguliwe kwa maji baridi, kwani kilichomo ndani hujikunyata na kuvuta uchafu kupitia vitundu hivyohivyo.

Kusoma kibandiko cha koti

Makoti ya mvua huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni ya maji, kwa milimita: 10,000 maana yake kitambaa kilihimili safu ya maji ya kimo cha mita 10 kabla ya kupenyeza. Ya pili ni ya mvuke, kwa gramu kwa kila mita ya mraba kwa saa 24. Utando wa ndani una vitundu ambavyo mvuke hupita kwa urahisi, ila maji yakiwa tone hayaingii kwa sababu nyenzo yake inayakataa. Mafuta ya ngozi na mabaki ya sabuni yakiupaka, ukataaji huo hupungua na koti huanza kulowa. Ndiyo maana huoshwa kwa sabuni ya maji kidogo, likasuuzwa mara mbili, bila dawa ya kulainisha nguo.

Likilowa nje huku ndani kukiwa na unyevu, aghalabu si mvua iliyoingia. Kitambaa cha juu kikishiba maji hupoa na kuufunga mvuke, jasho likageuka maji ndani. Rudishia dawa ya kukataa maji upande wa nje, na likauke kwa joto la wastani.

Kuhusu namba ya mvuke, tafuta jina la kipimo kabla ya kulinganisha makoti mawili. Katika njia moja kikombe cha maji husimama wima na kuacha hewa kati ya maji na kitambaa. Katika nyingine hupinduliwa, maji yakagusa utando. Kitambaa kilekile hutoa gramu nyingi zaidi kikombe kikipinduliwa, kwa sababu kile kinachousukuma mvuke kimeongezeka.